Ushahidi wa Saa

Tarehe 14 Julai 2024, siku Wafaransa wanayoadhimisha taifa lao, hatua ya siku hiyo ya mbio za Tour de France ilimalizikia juu ya Plateau de Beille, katika milima ya Pyrenees. Barabara ya kupandia huko ina kilomita 15.8 na mwinuko wa wastani wa karibu asilimia 8. Kabla hawajafika chini ya mlima huo, waendesha baiskeli walikuwa wameshapiga pedali zaidi ya kilomita 180 na kuvuka milima mingine minne. Jonas Vingegaard wa Denmark, bingwa wa 2022 na 2023, alichomoka mapema, zikiwa zimebaki kilomita kama 10. Tadej Pogačar wa Slovenia akaganda nyuma ya gurudumu lake, akakaa hapo akipumua, na zilipobaki kilomita 5 na ushei akampita na kwenda zake. Wafuatiliaji waliokuwa wakipima muda kutoka kwenye picha za televisheni walikubaliana kwamba ameupanda mlima mzima kwa muda ulio chini kidogo ya dakika 40.

Rekodi iliyokuwapo ilikuwa ya Marco Pantani wa Italia, na ilikuwa imedumu tangu 1998: dakika 43 na nusu hivi. Vingegaard, aliyeshindwa siku hiyo kwa zaidi ya dakika moja, naye aliivunja kwa zaidi ya dakika mbili. Katika michezo mingi habari ya namna hii ingekuwa furaha tupu. Katika mbio za baiskeli, usiku huo huo watu walianza kuulizana swali moja: ikiwa Pantani alikuwa na kitu kwenye damu yake na bado akatumia dakika 43 na nusu, huyu wa leo ana nini?

Swali hilo si la kijinga, wala si chuki. Wanaouliza wana historia mgongoni. Nataka kulichukua kwa uzito wake wote, kwa sababu naupenda mchezo huu na kwa sababu naona pande mbili zinazobishana zinaitaka saa iseme jambo isiloweza kulisema. Upande mmoja unasema muda umevunjwa, basi mtu ni mwizi. Mwingine unasema vipimo havikumkuta na kitu, basi mtu ni safi. Zote mbili zinaruka hatua.

Tuanze na historia. Homoni iitwayo erithropoietini, ambayo kila mtu kwenye mchezo huu anaiita EPO tu, hutengenezwa na figo zetu wenyewe. Kazi yake ni kuuambia uboho wa mifupa uzalishe seli nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Ya kutengenezwa viwandani iliruhusiwa kutibia wagonjwa nchini Marekani mwaka 1989, na ilikuwa neema kubwa kwa watu wenye figo zilizochoka. Miaka michache baadaye ilikuwa ndani ya majokofu ya timu za baiskeli. Mwendesha baiskeli mwenye seli nyekundu nyingi zaidi anaipa misuli oksijeni zaidi, na mlima ambao jana ulimtoa roho leo anaupanda huku akiongea.

Greg LeMond wa Marekani, aliyeshinda Tour mwaka 1986, 1989 na 1990, alirudi mwaka 1991 akiamini yuko vizuri, akamaliza wa 7. Amesimulia mara nyingi jinsi kundi zima lilivyobadilika ghafla mbele ya macho yake. Mwaka 1994, kwenye mbio za siku moja za Flèche Wallonne, watu watatu wa timu moja, Gewiss, waliliacha kundi zima na kushika nafasi tatu za kwanza peke yao. Daktari wao alikuwa Michele Ferrari, ambaye siku chache baadaye aliwaambia waandishi wa habari kwamba EPO si hatari kuliko juisi ya machungwa ukiinywa kupita kiasi. Mshindi wa Tour ya 1996, Bjarne Riis wa Denmark, alibandikwa jina la utani la Bwana Asilimia 60, kwa tetesi kwamba sehemu ya seli nyekundu katika damu yake ilifika hapo. Mwanamume wa kawaida ana asilimia 45 hivi. Riis alikiri kutumia EPO mwaka 2007, miaka 11 baada ya kuvaa jezi ya njano ya kinara wa Tour jijini Paris.

Kipimo cha kuikamata EPO hakikuwapo. Chama cha kimataifa cha mchezo huo, UCI, mwaka 1997 kiliweka kikomo: atakayezidi asilimia 50 anapumzishwa wiki mbili kwa ajili ya afya yake. Watu wakaelewa maana yake halisi, kwamba mpaka 49 ni halali.

Kilichofumua yote hakikuwa maabara. Tarehe 8 Julai 1998 maofisa wa forodha wa Ufaransa walilisimamisha gari karibu na mpaka wa Ubelgiji. Dereva alikuwa Willy Voet, mchua misuli wa timu ya Festina, na ndani ya gari mlikuwa na mamia ya dozi za EPO, homoni ya ukuaji na testosteroni. Timu nzima ilifukuzwa mbioni. Polisi waliingia hotelini usiku, waendeshaji waligoma barabarani kwa kukaa chini, na kati ya watu 189 walioanza, 96 tu ndio waliofika Paris. Mshindi alikuwa Pantani, yule yule wa Plateau de Beille. Mwaka mmoja baadaye alitolewa kwenye mbio za Giro d'Italia huko Madonna di Campiglio, zikiwa zimebaki siku mbili ashinde, kwa damu iliyosoma asilimia 52. Hakuinuka tena kisawasawa. Alikufa Februari 2004 akiwa na miaka 34, na kokeni mwilini, katika chumba cha hoteli mjini Rimini. Mwaka 2013 Seneti ya Ufaransa ilitoa matokeo ya sampuli za 1998 zilizokuwa zimehifadhiwa na kupimwa upya: wa kwanza, Pantani, na wa pili, Jan Ullrich, wote walikuwa na EPO.

Sasa angalia mwaka uliofuata kashfa hiyo. Waandaaji waliahidi Tour ya 1999 itakuwa ya mwanzo mpya. Kwa kuwa dawa zimefagiliwa, mtu angetegemea mwendo upungue. Badala yake, kwa mara ya kwanza tangu mbio hizi zianzishwe mwaka 1903, wastani wa mwendo wa mshindi ulipita kilomita 40 kwa saa. Mshindi huyo alikuwa Lance Armstrong. Mwaka 2005, aliposhinda mara ya saba, wastani ulikuwa kilomita 41.65. Halafu, baada ya UCI kuanzisha pasipoti ya kibiolojia mwaka 2008, ambayo hufuatilia damu ya kila mwendeshaji mwaka hadi mwaka na kuuliza maswali inapobadilika bila sababu, namba ziliteremka: kuanzia 2010 hadi 2012 wastani ulikuwa chini ya kilomita 40 kila mwaka. Wengi walishusha pumzi. Kisha ukaanza kupanda tena, na mwaka 2022 Vingegaard akaupitisha kilomita 42.

Mtu anaweza kuchora mstari juu ya namba hizo na kudhani amesoma historia yote ya dawa. Mimi siuamini sana wastani wa mbio nzima. Njia hubadilika kila mwaka, na mwaka wenye milima mingi huwa wa polepole. Upepo wa mgongoni wa siku tatu unaweza kufuta kazi ya mlima mzima. Zaidi ya yote, kwenye tambarare adui mkuu wa mwendeshaji ni hewa, na nguvu inayotakiwa kuipasua huongezeka kwa kasi kubwa kuliko mwendo wenyewe: ukitaka kwenda kasi mara mbili, unahitaji nguvu karibu mara nane. Ndiyo maana nguo inayobana vizuri, kofia iliyochongwa upya na usukani mwembamba vimeongeza mwendo bila mtu kuongeza tone la jasho. Kundi la watu 150 wanaokingana upepo nalo lina hesabu zake.

Mlimani mambo ni tofauti, na ndiyo sababu watu wenye mashaka huenda kusubiri huko na saa zao. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, sehemu kubwa ya nguvu inakwenda kuinua uzito tu. Chukua Plateau de Beille. Kilomita 15.8 kwa mwinuko ule ni kama mita 1,250 za kwenda juu. Mtu na baiskeli yake, tuseme kilo 74, akiinuliwa mita 1,250 kwa dakika 40, zinahitajika wati 378 kwa kazi hiyo peke yake. Ongeza hewa, kwa kuwa mwendo ni karibu kilomita 24 kwa saa, ongeza msuguano wa tairi na mnyororo, unafika karibu wati 450. Kwa mtu mwenye kilo 65 hizo ni wati 7 hivi kwa kila kilo ya mwili. Kijana mwenye afya anayefanya mazoezi kila wiki angejivunia kutoa nusu ya hizo kwa muda huo huo, bila milima minne ya kutangulia.

Hesabu hizi hazina siri. Mwanafunzi wa sekondari anaziweza. Jambo la kusikitisha ni nani aliyeufanya mtindo wa kupima mita za kupanda kwa saa uwe kipimo cha kawaida cha mlimani. Ni Michele Ferrari, daktari yule yule wa Gewiss, ambaye baadaye alimhudumia Armstrong na mwaka 2012 akafungiwa maisha. Aliutumia kuwapima wateja wake. Leo unatumiwa na wale wanaotaka kuwakamata wateja wa aina hiyo.

Anayejulikana zaidi kati ya hao wa pili ni Antoine Vayer, Mfaransa aliyewahi kuwa kocha wa Festina na aliyeona kwa macho yake yaliyokuwa yakitendeka. Kwa kushirikiana na Frédéric Portoleau, mtu wa mahesabu, alianza kukadiria wati za mabingwa wa miaka mingi, wote wakibadilishwa kwenye mizani moja ya mwendeshaji wa kilo 70. Akaweka ngazi tatu. Wati 410 katika mlima wa mwisho: kuna shaka. Wati 430: ni muujiza. Wati 450: si binadamu wa kawaida tena. Nampa heshima kubwa kwa sababu alisema wakati wengine walikuwa wakipiga makofi. Lakini ukizitazama ngazi zake kwa makini, unaona udhaifu wa njia yote. Kutoka ngazi hadi ngazi ni wati 20. Upepo wa kilomita 7 kwa saa, ambao haupeperushi hata kanga iliyolowa, ukimpulizia mwendeshaji usoni kwa mwendo ule unamdai wati 30 za ziada. Ukimsukuma mgongoni unamzawadia zaidi ya 20. Barabara za mlimani hujipinda, kwa hiyo upepo huo huo unamsaidia kwenye kona moja na kumzuia kwenye inayofuata. Mtu aliye mbele ya televisheni Nairobi au Brussels hawezi kuujua. Kwa hiyo mtu mmoja, siku moja, kwenye mlima mmoja, anaweza kuhamishwa kutoka kwenye shaka hadi kwenye muujiza na hali ya hewa tu.

Yaliyompata Chris Froome mwaka 2015 yanaonyesha hatari hiyo ilivyo. Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Aliyemfundisha baiskeli alikuwa David Kinjah, bingwa wa Kenya mwenye rasta ndefu, aliyekuwa akiwakusanya vijana kwenye nyumba yake karibu na mji wa Kikuyu na kuwatembeza kwenye vilima vya huko. Froome aliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka 2006, na mwaka 2008 akahamia upande wa Uingereza. Julai 2015, aliposhinda kwa kishindo juu ya La Pierre-Saint-Martin, televisheni ya taifa ya Ufaransa ilimleta mtaalamu aliyekadiria kwamba ametoa wati 7.04 kwa kila kilo. Timu yake, Sky, ikajibu kwa takwimu za kifaa kilichokuwa kwenye baiskeli yenyewe: wati 414, mtu wa kilo 67.5, na baada ya kurekebisha kosa la kifaa linalotokana na meno yake ya mnyororo yenye umbo la yai, 5.78. Kati ya 7.04 na 5.78 kuna umbali wa ajabu. Ya kwanza ni tuhuma nzito. Ya pili ni kazi nzuri ya bingwa. Siku chache baada ya ushindi huo, hata kabla namba hizo hazijatangazwa, mtu mmoja kando ya barabara alikuwa amemmwagia Froome mkojo usoni. Shaka ilikuwa imeshageuka hukumu barabarani.

Sisemi hivyo ili kumvisha Froome kilemba. Mashaka juu yake yalikuwa na mizizi. Hadi Agosti 2011 alikuwa mtu wa kawaida, mwenye nguvu lakini asiye na mpangilio. Septemba alimaliza wa pili kwenye mbio za Vuelta a España, sekunde 13 tu nyuma ya mshindi. Maelezo yake yalikuwa kichocho. Alisema alipimwa mwaka 2010 akakutwa nacho, kwamba kilikuwa kikimla damu kwa muda mrefu, na kwamba alipotumia dawa ndipo nguvu zake zikaanza kuonekana. Waandishi wengi wa Ulaya walilipokea jambo hilo kama hadithi ya kubuni. Msomaji aliyekulia Mwanza au Kisumu hashangai kusikia kwamba kichocho kinaweza kumdhoofisha mtu kimya kimya kwa miaka, ingawa naye ana haki ya kuuliza kama dawa ya kichocho inatosha kumtoa mtu katikati ya kundi hadi kileleni. Froome alikwenda maabara mwaka huo wa 2015 kupimwa, na kipimo chake cha zamani cha 2007 kutoka Aigle, Uswisi, kikachapishwa pamoja na kipya. Injini ilikuwa karibu ile ile: kiasi cha juu cha oksijeni ambacho mwili wake ungeweza kutumia kilikuwa kikubwa sana hata akiwa kijana asiyejulikana. Tofauti kubwa ilikuwa uzito. Mwaka 2007 alikuwa na kilo 75.6, na siku ya kipimo kipya 69.9. Hilo linaeleza mengi. Halielezi jinsi alivyozipoteza kilo hizo bila kupoteza nguvu.

Na huyo aliyemshinda kwa sekunde 13 mwaka 2011? Juan José Cobo wa Hispania alinyang'anywa ushindi mwaka 2019, baada ya pasipoti yake ya kibiolojia kuonyesha damu iliyochezewa. Miaka minane mizima watu walimnyooshea kidole wa pili, na kumbe aliyethibitika kuwa mwongo alikuwa wa kwanza. Saa ya mwaka 2011 haikuweza kutofautisha kati yao. Sekunde 13 hazina habari ya damu ya mtu.

Hapa Afrika Mashariki tumeionja ladha ya jambo hili kwenye mchezo wetu wenyewe. Oktoba 2024, Ruth Chepngetich wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, akaipunguza rekodi ya dunia ya wanawake kwa karibu dakika mbili. Kwenye mkutano na waandishi aliulizwa waziwazi awaambie nini wanaodhani muda huo ni mzuri kupita kiasi. Wakenya wengi walikasirika, na naielewa hasira yao, maana maswali hayo huwafuata wakimbiaji wetu kuliko wale wa nchi za wanaouliza. Mwaka mmoja baadaye alifungiwa miaka mitatu, kwa sababu sampuli ya Machi 2025 ilikutwa na haidroklorothiazidi, dawa ya kuongeza mkojo iliyopigwa marufuku kwa kuwa inaweza kuficha dawa nyingine. Rekodi ya Chicago imebaki kwenye vitabu, kwa kuwa sampuli ilitoka miezi mitano baadaye. Aliyeshuku hakuwa mwendawazimu. Lakini kisheria, kuhusu siku ile ya Chicago, hakuna kilichothibitishwa hadi leo.

Turudi kwenye zile dakika tatu na zaidi ambazo Pogačar alizipunguza. Nimejaribu kuzilipia kwa vitu halali. Uzito wa baiskeli haujashuka sana, kwa kuwa tangu mwaka 2000 UCI hairuhusu baiskeli ya chini ya kilo 6.8, na hata tukisema kilo moja imepungua, ni kama nusu dakika. Tairi za leo ni pana na laini zaidi na zinakula nguvu kidogo. Nguo zinapasua hewa vizuri zaidi. Pogačar alikaa nyuma ya wengine kwa theluthi mbili ya mlima, na kwa kilomita 24 kwa saa kivuli cha upepo bado kina thamani. Timu ya Vingegaard ilikuwa imeanza kwa kasi tangu chini, kwa hiyo hapakuwa na dakika ya kutazamana, jambo lililokuwa likipoteza muda mwingi zamani. Halafu kuna chakula. Wa miaka ya 1990 waliumaliza mlima wa tano wakiwa na njaa. Wa leo wamezoeza matumbo yao kupokea gramu 90 hadi 120 za sukari na wanga kila saa, kwa vinywaji na jeli zilizopimwa, na wanafika chini ya mlima wa mwisho na tangi ambalo halijakauka. Mimi naona hili la chakula ndilo badiliko kubwa kuliko yote, na ndilo linalotajwa kwa uchache kwa sababu halionekani kwenye picha.

Nikijumlisha kwa ukarimu napata dakika mbili, pengine mbili na nusu. Kinachobaki kinaweza kuwa kipaji, kwa kuwa Pogačar alikuwa akishinda tangu akiwa kijana na hakuibuka usiku mmoja kama wengine. Kinaweza kuwa upepo. Kinaweza kuwa kambi za mazoezi kwenye miinuko mirefu, zinazofanywa sasa kwa utaratibu ambao Pantani hakuujua. Na kinaweza kuwa kitu kilichofichwa. Yeye na Vingegaard hawajawahi kukutwa na kosa lolote, na hilo lazima lisemwe wazi. Lakini Armstrong naye kwa miaka yote alijitetea kwa maneno hayo hayo.

Isitoshe, mchezo wenyewe hautusaidii kutulia. Katika Tour hiyo ya 2024 ilifahamika kwamba timu kadhaa kubwa, zikiwamo za Pogačar na Vingegaard, zina mashine ya kuvutisha kaboni monoksidi, gesi ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Kwa kiasi kidogo kilichopimwa hutumika kujua mtu ana himoglobini kiasi gani, na timu zilisema matumizi yao yalikuwa hayo tu. Ila ikivutwa mara kwa mara inaweza kuuchochea mwili uongeze damu kama vile uko juu mlimani. Wakati huo haikuwa imekatazwa. UCI iliipiga marufuku nje ya hospitali mapema mwaka 2025. Hakuna aliyevunja sheria, na bado nilipoisoma habari hiyo moyo wangu ulishuka. Mashabiki hawa wameumwa na nyoka. Ung'ongo wowote unawashtua, na timu zinaendelea kuutandaza njiani.

Hebu tuulize basi waongo wa zamani walikamatwaje. Festina walikamatwa na forodha. Mtandao wa daktari Eufemiano Fuentes wa Madrid, mwaka 2006, ulifumuliwa na polisi wa Hispania waliokuta mifuko ya damu kwenye jokofu. Michael Rasmussen, akiwa na jezi ya njano mwaka 2007, aliondolewa na timu yake mwenyewe kwa kudanganya alikokuwa: alisema Mexico, mtu akawa amemwona akifanya mazoezi Italia. Armstrong aliangushwa mwaka 2012 na viapo vya watu 26, na 11 kati yao waliwahi kuwa wenzake wa timu. Mwaka 2019 polisi wa Austria na Ujerumani walimkamata daktari wa Erfurt, na kwenye orodha ya wateja wake wakawemo waendeshaji wa Tour. Forodha, polisi, viapo, mtu aliyeona. Simjui hata mmoja aliyefungiwa kwa sababu ya muda wake wa kupanda mlima.

Lakini saa haikuwa bure. Iliwaambia watu wenye masikio kwamba kuanzia 1991 hivi kuna jambo limetokea kwa kundi zima. Iliwaambia mwaka 1999 kwamba ufagio haujapita. Ilipolipima kundi, miaka kumi kwa miaka kumi, milima mingi, upepo wa kila aina ukifutana wenyewe, ilisema kweli. Ilipolazimishwa kumhukumu mtu mmoja kwa mlima mmoja ilianza kukisia.

Na wakati tunabishana juu ya walio mbele, tunawasahau walioachwa nyuma. Christophe Bassons alikuwa mwendeshaji wa Festina ambaye wenzake wenyewe walisema hatumii kitu. Mwaka 1999, kwenye Tour ile ya mwanzo mpya, aliandika kwenye gazeti la Le Parisien kwamba mwendo huo haumwingii akilini. Alikuwa ndani ya kundi. Alijua mapafu yake yanamwambia nini. Siku ya kwenda Alpe d'Huez Armstrong alimfuata barabarani mbele ya wote na kumwambia aondoke kwenye mchezo. Hakuna aliyemtetea, hata wenzake wa timu. Siku chache baadaye akafunga mizigo. Ushahidi wa mwendo ambao ningeuthamini kuliko wa televisheni ni wa mtu kama huyo: bora, aliyezoezwa, safi, anayejikuta hawezi kufuata. Uliwahi kutolewa, na waliousikia wakamfukuza shahidi.

Kwa hiyo ninachokitaka kutoka kwa mchezo huu ni mambo ya kawaida kabisa. Kila baiskeli kwenye Tour ina kifaa cha kupima wati, na kila timu inajua uzito wa watu wake kwa gramu. Takwimu hizo zipelekwe kwa shirika huru linalosimamia vipimo, ITA, kwa kila mtu na kila mlima, zisibaki siri ya timu ya kutolewa pale tu inapotuhumiwa. Hapo shirika litajua kilo na upepo ambavyo sisi tunavikisia, na litaweza kumfuatilia mtu kwa miaka kama pasipoti inavyoifuatilia damu. Wapelelezi waongezwe kuliko machupa ya mkojo, maana wao ndio waliokamata watu. Anayetaka kusema apewe ulinzi ambao Bassons hakuupata. Na sampuli zitunzwe na kupimwa tena kila kipimo kipya kinapopatikana. Sheria inaruhusu kumshitaki mtu hadi miaka 10 baada ya kosa, kwa hiyo chochote kilichokuwa, au ambacho hakikuwa, kwenye damu za Julai 2024 kinaweza kutafutwa hadi Julai 2034.